Ndila Muasya, Aliyejua Maana ya Roho

Ndila alizaliwa tarehe 9 Agosti 1966 Ngoliba, mashariki ya Thika, binti wa Mzee Muthoka, kibarua wa mkonge. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba, mwaka wa 1980, kisha akabaki nyumbani kulea wadogo zake.

Mwaka wa 1987 aliolewa na Muasya Ndambuki, fundi wa mawe, wakahamia Mwiki, Ruiru. Mungu akawajalia Nzioki na Lynn.

Tangu 1998 Ndila alikuwa msafishaji katika kliniki moja ya Mwiki. Kazi yake ilikuwa kupiga deki, lakini daktari alimwita kila mara akina mama wa Kikamba walipoingia wakisema roho inawauma. Siku moja daktari mgeni alianza kumfariji mgonjwa aliyesema hivyo. Ndila aliweka ndoo chini, akajigonga kifuani.

"Daktari, huyu hana huzuni. Kwetu roho ni hii inayopiga hapa."

Mama yule alipona, na Ndila alimtania daktari huyo miaka mingi.

Mwaka jana kliniki ilileta mashine ya kuhoji wagonjwa na kuamua nani amwone daktari. Ndila akaambiwa astaafu.

Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, alirudi hapo akiwa mgonjwa. Aliiambia mashine roho inamuuma tangu alfajiri. Ikamuuliza kama amefiwa, ikampa miadi ya ushauri nasaha siku ya Alhamisi. Alijigonga kifuani kama zamani, lakini mashine haina macho. Muuguzi Akoth, aliyeona jasho lake, aliomba aingizwe kwa daktari, akakatazwa kuruka foleni ya mashine. Ndila alifariki saa nne na dakika arobaini asubuhi, kwenye benchi alilolipangusa miaka ishirini na sita.

Tulipouliza nani atawajibika kwa kifo hiki, meneja alisema, "Mama alitumia neno lisilo sahihi."

Tumekasirika. Shada la maua la kliniki tumelirudisha, na asitokee mtu hapa kutuambia ni mapenzi ya Mungu. Alhamisi simu ya marehemu ililia, ikimkumbusha miadi yake.

Ameacha mume wake Muasya, watoto wake Nzioki na Lynn, wajukuu watatu, na mimi kaka yake ninayesoma maneno haya.

Leo ni sisi ambao roho inatuuma, kwa kufiwa, na leo mashine ingepatia. Ndila wetu, pumzika kwa amani.