Fundi Raheli Mgonja na Taa Nyekundu ya Hedaru

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufunga, kupima na kutengeneza umeme katika nyumba za Same na milima yake, Fundi Raheli Mgonja anastaafu rasmi tarehe 31 Machi 2026. Karakana ya Umeme Nuru ya Upare inamuaga leo mbele ya wafanyakazi wote, familia yake na baadhi ya wateja wake. Wasifu huu umeandikwa na mimi, Wilbard Mfinanga, niliyekuwa msimamizi wake wa kazi za nje. Ni yeye mwenyewe aliyetaka niuandike mimi, na sababu yake mtaisikia.

Fundi Raheli, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Loth, alizaliwa Chome mwaka 1966. Alisomea umeme Moshi, akaajiriwa hapa tarehe 11 Aprili 1994, karakana ikiwa na mafundi wanne na ngazi mbili. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika bisibisi ya karakana hii. Inasemekana mteja wa kwanza aliyepelekewa alichungulia nyuma ya bega lake kumtafuta fundi. Alipomaliza kutafuta, Raheli alikuwa ameshapanda ngazi.

Mwaka 1996 alifunga ndoa na marehemu Mwalimu Tumainieli huko Chome. Katikati ya ibada kipaza sauti kilizima, na jenereta nje ikabaki inanguruma bure. Wanaume watatu walitoka wakarudi wakitikisa vichwa. Bibi harusi akakunja shela, akatoka, akarudi baada ya dakika nne akiwa na doa la grisi kwenye glavu, na mchungaji akaendelea pale alipoachia. Picha ya glavu ile ipo, na anayebisha amwombe mwanawe Loth amwonyeshe.

Mafundi tisa kati ya kumi na wanne tulio hapa tumefundishwa naye, mimi nikiwa mmojawapo. Alitufundisha kunusa mainiswichi kabla ya kuifungua, kwa sababu umeme unaoharibika hunuka kabla ya kuungua. Alitufundisha kuamkia wenye nyumba kabla ya kuuliza mita iko wapi. Na alitufundisha kwamba kazi ambayo haijapimwa haijakwisha, hata kama taa zinawaka na chai imeshaletwa.

Hapa ndipo ningependa kuruka mpaka leo. Lakini ningeruka, ningekuwa nimemwibia mara ya pili.

Septemba 2024, Bwana Jabiri, mnunuzi wa tangawizi pale Hedaru, aliletewa gari dogo la umeme kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa la kwanza kwa upande wetu. Alituomba tumfungie chaja nyumbani, ile ya ukutani, ili asilichaji gari kwa siku nzima kwenye soketi ya sebuleni. Kazi nilimpa Fundi Raheli, maana hapakuwa na mwingine wa kumpa.

Aliifanya kama anavyofanya kazi zake zote. Alikataa kuchukua umeme kwenye waya za zamani za nyumba, akavuta kebo nene ya peke yake kutoka kwenye mainiswichi mpaka banda la gari. Akaifunga chaja, akaiwasha kuijaribu, nayo ikatoa taa nyekundu na kugoma. Alipima ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja ili usimpige mtu. Udongo wa Hedaru wakati wa kiangazi ni mkavu kama unga, na nondo moja ya zamani iliyochimbiwa chini ilikuwa haisaidii kitu.

"Taa hii msiichukie," alimwambia Bwana Jabiri na mkewe, Bi. Shamsa, mimi nikiwa nimesimama pale. "Ndiyo inayosema kweli. Zinahitajika nondo tatu ndefu, zichimbiwe chini kwenye udongo wenye unyevu. Nitazifuata Moshi, Jumanne narudi."

Akaandika kwenye fomu, kwa herufi kubwa: ISIWASHWE.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Bwana Jabiri alikuwa amealika majirani kuja kuona gari likichajiwa, na mkurugenzi wetu alikuwa ameniagiza picha za kuweka kwenye ukurasa wa karakana. Nikamtuma Fundi Raheli Kwakoa kwenye pampu ya maji iliyoharibika. Pampu ile ingeweza kusubiri. Alipoondoka, nilifungua chaja nikaidanganya. Nilichukua kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole, nikaunganisha ethi na nyutro, waya wa kurudisha umeme. Chaja ikaamini ina ethi. Taa ikawa ya kijani, nikamwambia Bwana Jabiri kwamba nondo hazihitajiki tena. Watu wakapiga makofi, nami nikapigwa picha nikiwa nimeshika kebo.

Nilijua hatari yake. Nyutro ikilegea mahali popote, bodi ya gari zima inakuwa na umeme. Nilijiambia ni siku nne tu mpaka Jumanne. Jumatatu nikampangia Fundi Raheli kazi nyingine, maana nondo zingekuja zingetulazimu kufungua chaja, na chaja ingefunguliwa kipande kingeonekana. Alipouliza habari za Hedaru nilimwambia kazi imekamilishwa na fundi kutoka Moshi. Kisha nikajaza fomu mpya ya makabidhiano. Penye jina la fundi aliyefunga nikaandika Raheli Mgonja. Ile yenye neno ISIWASHWE niliichana.

Siku ya kumi na tisa, saa moja asubuhi, Bi. Shamsa alikuwa analifuta gari kwa kitambaa chenye maji huku likiwa kwenye chaji. Nyutro ilikuwa imelegea kwenye mainiswichi. Umeme ulimrusha akaangukia ukuta wa banda, mkono wa kulia ukavunjika. Bwana Jabiri aliwahi kuzima. Angechelewa kidogo, Bi. Shamsa angekufa, nami leo nisingekuwa naandika wasifu wa mtu. Bi. Shamsa ni mshonaji wa nguo. Vidole vyake viwili havikunji vizuri mpaka leo.

Wengi wenu mlikuwepo kwenye kikao. Mkurugenzi, Bwana Anderson, alishika fomu akauliza nani alifunga, akasoma jina.

"Mimi niliiacha ikiwa nyekundu, nikaambiwa ameimalizia fundi kutoka Moshi," alisema Fundi Raheli. "Niliandika isiwashwe."

"Iko wapi uliyoandika?"

Alinitazama. Nyote mkanitazama. Nikasema, "Mimi ninayo hiyo moja tu." Mtu mmoja akanong'ona kwamba mambo ya kisasa yana vijana wake, na wengine wakacheka. Mimi sikucheka, lakini niliwaacha wacheke. Akapewa barua ya onyo na kuhamishiwa stoo kugawa balbu na misumari.

Wiki iliyofuata alikwenda Hedaru kumjulia hali Bi. Shamsa. Bwana Jabiri alimzuia getini. Nilikuwa nimeshampigia simu kumwambia fundi aliacha waya mbovu ndani. Bi. Shamsa ndiye aliyeamuru aingie. Akamweleza kwamba baada ya yeye kuondoka, kaka mwenye shati jeupe alifungua lile boksi tena. Fundi Raheli akazima umeme, akafungua, akakiona kipande cha waya. Alikiacha pale pale, akafunga, akaandika karatasi ya kukataza kuwasha, akarudi Same na basi la jioni.

Kesho yake alinikuta mlangoni mwa stoo.

"Nimekiona," alisema. "Sitakusemea, Wilbard. Nakusubiri useme mwenyewe."

Alinisubiri mwaka mzima. Kila asubuhi nilipita dirishani kwake nikamwambia, "Shikamoo, Mama Loth," naye akaitikia, "Marahaba, hujambo?" Hakuitikia kwa ukali hata siku moja. Ningefurahi kama angefanya hivyo. Nilianza kuingia kwa mlango wa nyuma, nikisema uko karibu na pikipiki.

Novemba mwaka jana alikuja ofisini na fomu ya kuhuisha leseni yake ya ufundi. Ilihitaji msimamizi ajibu swali moja: je, mwombaji amewahi kusababisha ajali ya umeme? Ndiyo au hapana. Nikijibu ndiyo, mtu aliyebakiza miezi michache kustaafu angekwenda Chome bila leseni, asiruhusiwe kufunga hata swichi ya jirani. Nikijibu hapana, jalada letu lingenisuta.

"Unataka niandike nini, Mama?" nilimwuliza.

"Andika unachokijua."

Niliandika hapana. Nikainuka na fomu ile mkononi, nikaenda kwa Bwana Anderson, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama.

Bwana Anderson alikasirika, kisha akataka mambo yaishe kimya kimya. Fundi Raheli arudishwe kwenye ufundi, aandikiwe barua ya samahani, basi. Yeye alikataa barua.

"Nilisemwa mbele ya watu," alisema. "Nisafishwe mbele ya watu hao hao. Siku ya kuagwa kwangu kutakuwa na wasifu. Auandike Wilbard, na ausome yeye."

Mimi si msimamizi tena, na suala la leseni yangu liko mbele ya wahusika. Gharama za matibabu ya Bi. Shamsa zinabebwa na karakana pamoja nami. Hayo ni haki. Lakini Fundi Raheli aliona bado kuna kazi haijakwisha.

Mwanzoni mwa Desemba alinichukua Hedaru. Bi. Shamsa alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya banda, mkono mapajani. Nilimwamkia na kuanza kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Mwaka mzima nimekuwa nikijiuliza ulifanya nini kwenye lile boksi, kila nikishindwa kutunga uzi." Akanionyesha jembe kwa mkono wa kushoto. "Haya, chimba."

Nilichimba tangu saa mbili mpaka saa nane, mashimo matatu, kwenye ardhi inayorudisha jembe. Fundi Raheli alizishusha nondo, akazizungushia mkaa, chumvi na maji, akaunganisha, akapima. Aliongeza kifaa cha kukata umeme ukivuja. Akanitaka nikiondoe kile kipande cha waya kwa mkono wangu. Ndipo akawasha. Taa ikawa ya kijani bila kudanganywa na mtu. Akapima bodi ya gari, akapima tena. Halafu akaniletea ndoo ya maji.

"Lowesha mkono. Gusa mlango."

Vipimo vilikuwa sawa, nilivisoma mwenyewe. Hata hivyo nilivisoma tena kabla ya kulowesha mkono, Bi. Shamsa akinitazama. Niligusa. Hapakutokea kitu. Fundi Raheli aligusa baada yangu, kisha Bwana Jabiri. Bi. Shamsa hakunyanyuka kwenye kiti.

"Mimi bado," alisema.

Hakuna aliyemlazimisha.

Kwa hiyo iandikwe kwenye kumbukumbu za karakana hii kwamba katika miaka thelathini na miwili, Fundi Raheli Mgonja hakusababisha ajali hata moja. Barua ya onyo imefutwa. Leseni yake imehuishwa. Waliocheka siku ile kikaoni wanajijua, na mimi niliyewaacha wacheke najijua zaidi. Tulimweka stoo fundi bora tuliye naye, tukamwachia balbu azihesabu, naye akazihesabu vizuri.

Anarudi Chome, kwenye nyumba aliyoijenga na Mwalimu Tumainieli, na shamba la maharage ambalo kwa miaka mingi amelilima kwa simu. Majirani wameshaanza kuorodhesha swichi zao mbovu. Karakana inakushukuru, Mama Loth, kwa nyumba zote ambazo watu wanalala ndani yake bila kujua nani aliwafanya walale salama. Tunakuombea afya, mvua za kutosha, na wateja wanaolipa kabla ya kuleta chai. Uishi miaka mingi yenye heri.

Juzi nilimpelekea maandishi haya ayasome kabla ya leo. Aliyasoma bila miwani, kwa mbali, akarekebisha tahajia mahali pawili. Nikamwuliza kama amenisamehe.

"Hilo usiniulize ofisini, wala usiniulize kwenye kipaza sauti," alijibu. "Njoo Chome. Mvua zikianza magari hayafiki, utapanda kwa miguu. Ukifika tutazungumza."

Jumamosi ya kwanza ya Aprili nitapanda. Sijui nitajibiwa nini.