Kibaraza Kilichokosa Kivuli

Mama mwenyekiti, na wazee wangu wote mliomo humu, shikamooni. Rika langu, habari za kushinda. Wa kanisani na wa msikitini nawasalimu kwa pamoja, maana kwenye kikundi hiki tumekutanishwa na kuumia kazini, kila mtu na ajali yake. Nimeambiwa nisimame nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Kusimama kwenyewe mnaona ni shughuli, kwa hiyo naomba niegemee huu ukuta. Majina ya watu sitayataja. Ila wengine wanaohusika wamo humu humu, wakianza kucheka mtawajua.

Mimi ni fundi ujenzi. Nimejenga hapa Kiomboi na vijiji vya jirani miaka kumi na minne, na sijisifu, ila hakuna ukuta wangu uliopinda. Siku ile nilikuwa juu ya jukwaa napanga matofali ya juu ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ubao ukateleza, nikaja chini na ndoo ya zege. Nyonga ikavunjika. Mguu ulipopona ulikuwa mfupi, na daktari akaniambia habari ya kupanda ngazi niisahau.

Ndugu zangu, maumivu ya nyonga nayajua, lakini nawaambia ukweli, kilichoniuma zaidi ni jina. Zamani nikipita barabarani ni fundi karibu, fundi njoo uone huu ufa. Baada ya ajali nikasikia watu wakielekezana, "Muulize yule wa fimbo." Yule wa fimbo ni mimi. Nilirudi nyumbani nikalia, na mke wangu aliyeketi pale ni shahidi. Nilitaka niitwe fundi tena, basi. Sikuwa na ombi lingine kwa Mungu.

Siku moja nikaenda duka la steshenari kutoa kopi ya karatasi za hospitali. Dada wa pale alikuwa amefungua kwenye kompyuta picha ya nyumba, nzuri ajabu, ina mlango wa mbao, ina mwanga dirishani. Nikamuuliza hii nyumba iko mtaa gani. Akasema, "Haipo bado kaka. Imechorwa tu ili mwenyewe aione kabla hajajenga."

Nikamuuliza kama mtu wa miguu mibovu anaweza kujifunza. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema, "Kwani unachora kwa miguu?"

Huyo dada ndiye aliyenifundisha, mchana wateja wakipungua. Kipanya cha kompyuta nilikikamata kama mwiko, mpaka akasema nitakivunja. Halafu likaja suala la programu gani. Jamani, huko kwenye simu kila kijana anasifia yake. Mimi kwa tamaa nikachagua ile inayosifiwa kuliko zote, yenye majani yanayotikisika na maji yanayong'aa. Kompyuta ya dada ikapata moto, ikanguruma, ikazima. Tukajaribu ya pili, hiyo bila mtandao haifunguki, na mtandao wetu mnaujua wenyewe. Ya tatu ilikuwa nyepesi, haina mbwembwe. Unachora msingi chini, unashika ukuta, unauvuta, unapanda. Nikasema mama yangu, hii inajenga kama mimi. Nikabaki nayo hiyo. Tukaongeza na nyingine ndogo ya kurenda, yaani unaiachia kompyuta ipike picha ya mwisho, yenye mwanga na vivuli.

Baada ya miezi kadhaa nikapata mteja wa kwanza, mama mmoja mstaafu. Mume wake alikuwa mgonjwa wa macho, haoni vizuri, na jua likimpiga usoni linamuumiza. Mama akaniambia, "Nyumba nyingine yote chora utakavyo. Mimi nataka kibaraza cha mbele, kinachotazama barabara. Mzee wangu haoni watu, lakini anapenda kuwasikia wakipita, awasalimie." Barabara iko upande wa kaskazini wa kiwanja. Nikachora kibaraza kaskazini, nikarenda, kivuli tele. Mama akauliza kama paa lisogezwe mbele zaidi. Nikamwonyesha picha, nikamwambia kwa maringo, "Mama, kivuli si hiki hapa? Paa fupi linatosha."

Mafundi wenzangu wakajenga vilevile kama kwenye picha. Watu wakaanza kuniita fundi wa kompyuta, nami nikavimba kichwa.

Mwezi wa sita nikapita pale mchana kuwasalimia. Kibarazani hapakuwa na mtu, sakafu yote inawaka jua. Nikazunguka. Nikamkuta mzee amekaa kwenye kiti chake nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, kaelekea ukutani. Nikasema shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo. Mama akatoka jikoni. Hakunigombeza. Alisema tu, "Picha yako ilikuwa nzuri, fundi. Ila sisi tunakaa huku." Angenitukana ningepata nafuu.

Nikarudi steshenari naburuta mguu. Tukafungua mchoro, tukapekua kila mahali, mpaka dada akagundua kwamba ile programu ina sehemu ya kuieleza nyumba iko wapi duniani, na mwezi gani, na saa ngapi. Mimi sikuwahi kuigusa. Kumbe nyumba yangu ya Kiomboi ilikuwa imewekwa Ulaya, ambako jua la mchana halipiti upande wa kaskazini hata siku moja. Kivuli nilichomwonyesha mama kilikuwa cha huko. Dada akaandika mkoa wetu wa Singida, mwezi wa sita, saa nane mchana. Jua likahama mbele ya macho yangu, likaingia kibarazani mpaka mlangoni.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Miaka kumi na minne nimejenga juani hapa hapa. Kiangazi nikiwa natazama kusini shingo inaungua kwa jua lililo kaskazini, hilo hata kibarua anayeanza kazi leo analijua. Mwili wangu ulijua jua linapita wapi. Lakini kwa sababu kompyuta ilisema vingine, na ilisema kwa rangi nzuri, niliiamini yenyewe nikaukana mwili wangu. Nilidhani kujifunza kitu kipya maana yake nisahau nilichokuwa nacho.

Kesho yake nikataka kwenda shambani nijifiche, sina haja ya kuwadanganya. Mke wangu akanipa fimbo mkononi akaniambia, "Nenda kwa yule mama kabla hujapata sababu ya kutokwenda." Nikaenda. Nikamwambia mama kosa ni langu, si la mafundi waliojenga, nikamweleza lilivyotokea. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka sana. Akasema, "Yaani nimejengewa Ulaya bila kupanda ndege?"

Nikachora upya, paa limesogezwa mbele na nguzo mbili. Safari hii nilichapa picha nikaibeba mpaka kwenye kiwanja saa nane mchana, nikalinganisha kivuli cha ukuta kilichochorwa na kivuli cha ukuta wenyewe. Vikafanana. Wenzangu niliokuwa nao jukwaani siku ile ya ajali wakaja wakaipandisha ile kazi, mimi nimekaa chini kwenye kigoda nawaelekeza. Walinizomea kweli, eti bosi. Nilifurahi mno.

Nawashukuru hao wenzangu. Namshukuru dada wa steshenari, ameinama pale anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Namshukuru mke wangu kwa ile fimbo. Na ninyi mlioumia mkafikiri yale mliyoyajua yamekufa pamoja na mguu au mkono, mimi nawaomba msiyatupe. Jifunzeni hicho kipya, chagueni chombo kinachowaelewa, lakini mkifika mbele yake fikeni na ujuzi wenu wa zamani. Mimi siku hizi sirendi picha ya mtu mpaka nimekwenda kusimama kwenye kiwanja chake juani.

Nyumba ile iko njiani kwangu. Kila nikipita mchana mzee yuko mbele, kivulini, uso kauelekeza barabarani. Haoni ni nani, lakini fimbo yangu anaijua inavyogonga. Ile naanza tu kuvuta pumzi nimwamkie, yeye ameshaitikia, "Marahaba, fundi."