Sista Hodi Anastaafu, Gauni Bado Liko kwa Fundi

Kesho Ijumaa, tarehe 30 Juni, muuguzi wa kitengo chetu cha afya ya akili anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mingi kati ya hiyo akiwatembelea wagonjwa majumbani. Jina lake kamili liko kwenye mlango wa ofisi, lakini wagonjwa, ndugu zao na hata mhasibu wanamwita Sista Hodi. Sherehe ni saa nane mchana, ukumbi wa chakula. Gauni atakalovaa bado liko kwa fundi. Tutalirudia.

Alianzia wodini, ambako alisifiwa kwa mkono mwepesi wa sindano na kulaumiwa kwa maswali mengi. Alipohamishiwa kazi ya majumbani alikuja na utaratibu wake, na hakuuacha tena. Alibisha hodi, kisha akasimama nje mpaka mgonjwa mwenyewe aitikie. Karibu ya mama mwenye nyumba aliipokea kwa heshima, ya shemeji vilevile, akabaki mlangoni. Alieleza mara moja tu kwamba mtu aliyelazwa ameshaingiliwa faragha yake vya kutosha na watu wa makoti meupe, na akirudi nyumbani angalau mlango uwe wake.

Kitengo kilipoteza muda mwingi kwa utaratibu huo. Dereva wetu alijifunza kulala akiwa ameshika usukani. Siku moja mvua kubwa ilimkuta Sista mbele ya mlango ulio wazi, familia nzima ikimtazama kutoka sebuleni kama inavyotazama taarifa ya habari. Alipoitikiwa aliingia, akaomba taulo.

Ni yeye pia aliyeanzisha kikao cha wagonjwa cha kila Jumatano. Mada ya kwanza tuliyowapangia ilikuwa usafi wa mikono. Wao walitaka kuzungumzia namna ya kumweleza mchumba kwamba unameza dawa za akili, na kama umweleze kabla au baada ya kutambulishwa kwa wazazi. Mikono iliachwa ilivyo. Kikao kile kimeshatoa ndoa, na ugomvi mmoja wa kawaida kabisa kati ya wachumba.

Hata hivyo, ukimuuliza mtu yeyote kitengoni kuhusu Sista Hodi, atakueleza habari ya fundi cherehani. Fundi ameturuhusu kuiandika, kwa sharti kwamba tusiweke picha yake akiwa amevaa shati lililoshonwa na mtu mwingine.

Alikuwa akiishi kwa dada yake mkubwa. Alipougua alikata mapazia yote ya nyumba, akayafanya kola za mashati. Kola zilikuwa nzuri. Mashati hayakuwepo. Dada alikaa siku kadhaa akila chakula chake mbele ya majirani wote, kisha akanunua mapazia mengine, akafungia cherehani stoo na kuuficha mkasi chini ya godoro lake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka.

Fundi aliporudi kutoka hospitali alikula, alilala na kumeza dawa. Kwa vipimo vyetu alikuwa anaendelea vizuri. Kutwa alikaa kitandani akitazama ukuta, na wageni wakimuuliza hali, dada alimjibia, pamoja na habari za choo.

Sista Hodi alibisha hapo kwa miezi kadhaa. Kila mara dada alimkaribisha, akaongeza kwamba yule haongei siku hizi, hivyo kusimama pale ni kujichosha bure. Siku moja sauti ikatoka chumbani: "Subiri."

Akasubiri. Fundi alikuwa anatafuta shati. Alipotoka, Sista hakumuuliza juu ya usingizi wala dawa. Alimuuliza anataka nini. Fundi akasema anataka cherehani yake.

Jambo hilo lililetwa kwenye kikao chetu cha wafanyakazi. Mkuu wa kitengo aliuliza ni nani atakayewajibika likitokea la kutokea. Sista alisema ni yeye, kisha akauliza ni nani anayewajibika kwa mtu anayetazama ukuta. Swali hilo liliahirishwa hadi kikao kijacho, na hadi leo limeahirishwa.

Makubaliano yalifanyika mezani kwa dada, na fundi ndiye aliyetoa sharti. Alisema anajijua: akianza kukata kitambaa bila kukipima, ugonjwa umekaribia. Siku hiyo ataupeleka mkasi kwa dada kwa mkono wake, kabla hajaombwa. Dada alikubali. Kwanza alishusha mapazia ya sebuleni.

Kazi ya kwanza ilikuwa koti la Sista lililochanika mfuko. Fundi aliushona kwa mshono safi sana, akaufunga na juu. Hata kidole hakikuingia. Sisi ofisini tulimshauri Sista alivae hivyo hivyo, asimvunje mtu moyo. Alilirudisha siku hiyo hiyo, akamwambia fundi kwamba amemharibia koti na analitaka likiwa sawa. Dada alikuja juu, akauliza ni muuguzi wa namna gani huyu anayegombeza mgonjwa.

"Mwache agombe, dada," fundi akasema. "Tangu nirudi watu wananionea huruma tu. Huyu ndiye mteja wangu wa kwanza."

Akaufumua, akaushona upya.

Aliugua tena mara moja. Aliufunga mkasi kwenye kitambaa, akamkabidhi dada, akamwambia asiuweke mbali. Kisha akaja kliniki kwa miguu yake. Baadhi yetu tulihesabu kwamba tumeshindwa. Sista Hodi alisema hajawahi kuona kazi yake ikienda vizuri kiasi kile, akaenda kumwandalia kitanda. Siku hizi fundi ana chumba chake cha kupanga, na mkasi unaning'inia ukutani. Sauti za ugonjwa bado anazisikia siku nyingine. Anasema zimegeukia kukosoa mishono, na mara chache zina haki.

Gauni la kesho aliahidi kulitoa Jumanne. Leo ni Alhamisi, jambo linaloonyesha kwamba amerudi kikamilifu kwenye fani yake. Sista amekwenda kulalamika mara mbili. Asubuhi hii alibisha, na fundi akamjibu kutoka ndani kwamba asubiri, anamalizia mfuko. Dereva ametupigia simu sasa hivi: Sista bado amesimama nje, na anaonekana kuridhika.

Ahsante, Sista, kwa milango yote uliyosimama mbele yake. Tutakuja kukutembelea. Tutabisha, na hatutaingia mpaka uitikie mwenyewe. Tunakutakia mapumziko mema, afya njema na, kabla ya saa nane kesho, gauni.