Jeska Nibitanga (1953–2025), Muuguzi Aliyechelewa Kusema

Marehemu mama yetu Jeska Nibitanga alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Makamba, Burundi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Yakobo Nibitanga na Mama Mariana. Alisoma kwa masista hadi darasa la saba. Mwaka 1972 machafuko yalipowafukuza, alivuka mpaka na wazazi wake, mdogo wake akiwa mgongoni, wakafika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, ambako walipewa kipande cha msitu na majembe mawili. Kiswahili alijifunzia kwenye foleni ya maji. Yeye mwenyewe alikuwa akicheka akisema neno lake la kwanza lilikuwa “subiri”.

Mwaka 1976 alichaguliwa kwenda chuo cha uuguzi cha misheni, akahitimu 1979. Huko alifundishwa kuligawa kalio la mgonjwa sehemu nne kwa msalaba wa mawazo, na kuchoma sindano robo ya juu ya upande wa nje tu, kwa kuwa kwingine hupita mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni. Hilo alilijua. Ametuagiza tuseme wazi kwamba alilijua.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na Bwana Nikolaus Nsabimana, mkulima wa tumbaku, aliyetutangulia mwaka 2009. Walijaliwa watoto wawili, Esperansi, anayesoma wasifu huu, na Yakobo.

Marehemu alifanya kazi katika zahanati ya kijiji kwa miaka thelathini na minne. Wengi mliopo hapa mmepita mikononi mwake, na mnamwita Mama Huruma. Jina hilo lilimchoma kila alipolisikia, na sababu yake ni hii.

Februari 1988, msimu wa malaria, Bwana Sindayigaya alimleta mwanawe Aleksi, wa miaka mitatu, akiwaka homa. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Mtoto alikuwa akijirusha, na Jeska, aliyekuwa amechoka na mwenye haraka, alimchoma kwinini bila kumlaza wala kupima mahali. Aliona mguu ukiruka kama umepigwa umeme. Akajua palepale. Homa ilishuka, lakini Aleksi alipoinuka kitandani unyayo wake ulikuwa unaburuzika.

Wiki ya tatu, Bwana Sindayigaya alirudi zahanati, kofia mkononi. “Dada Jeska, nisaidie. Haiwezi kuwa ile sindano?”

Akamjibu, “Sindano huponya, kaka. Hailemazi.”

Basi baba akaenda kwa mpiga ramli. Mpiga ramli akamtaja Bibi Minza, mjane wa Kinyamwezi, mjukuu wa wapagazi wa misafara ya zamani, aliyekuwa akiuza karanga mlangoni mwa zahanati. Siku ile ya sindano alikuwa amemshika mtoto mguu na kumpa karanga. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi jikoni, na kwa watu huo ukawa ushahidi wa uchawi. Nyumba yake ilichomwa moto. Alitoka na kanga moja, akakimbilia Usinge kwa Bwana Abbasi, mtoto wa dada yake. Jeska aliuona moshi akiwa dirishani pa zahanati, akaendelea kuchemsha sindano.

Alinyamaza miezi kumi na moja. Alimwambia binti yake kwamba katika miezi hiyo hakupokea Komunyo hata mara moja, akimdanganya mumewe kuwa tumbo linamsumbua. Januari 1989 alikwenda nyumbani kwa Bwana Sindayigaya, akapiga magoti uani. “Mbabarira,” alisema kwa Kirundi, nisamehe. “Ni mimi niliyemlemaza mtoto. Yule bibi hana kosa.”

Bwana Sindayigaya aliwaswaga kuku ndani. Kisha akasema, “Inuka. Tukalitangaza hili, kina mama wataikimbia sindano, na watoto watakufa. Tumrudishe bibi kimyakimya.”

Jeska aliyashika maneno hayo kama aliyetupiwa kamba. Yalikuwa na busara, nayo yalimwepusha na aibu. Miaka yote iliyofuata hakuweza kutofautisha ni kwa lipi kati ya hayo mawili aliyakubali.

Walimkuta Bibi Minza Usinge amebaki mifupa. Hakuwa na meno, na kwa Bwana Abbasi njaa iliyokuwepo ilikuwa ya wote, hivyo alimung'unya ugali wa muhogo na maji ya chumvi. Miguu ilikuwa imevimba. Jeska aliibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Akamwamkia, “Shikamoo, bibi,” lakini habari ya sindano aliieleza Bwana Sindayigaya.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. “Nyumba mtanijengea,” alisema. “Jina langu mtalijenga kwa udongo gani?”

“Nitasema sokoni, bibi, watu wote wasikie,” Jeska aliahidi.

Alimleta nyumbani kwake, akamtunza miaka tisa. Watu walidhani mzee hahitaji zaidi ya uji mweupe. Jeska aliwafundisha kwamba anayezeeka hula kidogo, kwa hiyo kile kidogo lazima kiwe na nguvu: dagaa waliosagwa, karanga, maharage yaliyopondwa, mlenda, yai kila siku. Alimpima uzito kila mwezi, akamkagua visigino na mgongo asipate vidonda, na kumpa maji hata alipokataa kwamba ana kiu. Bibi alinenepa na ulimi wake ukarudi. “Mayai haya yamezidi,” alilalamika siku moja mbele ya wageni. “Mwezi ujao nitaanza kutaga.” Nyumba nzima ilicheka, na Jeska alicheka kuliko wote, kisha akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Kwa maana sokoni hakuenda. Wanawake waliendelea kuwafunika watoto wao Bibi Minza alipopita, naye Jeska alikuwa akisema mvua ziishe, mavuno yaishe, mwakani. Bibi alikumbusha mara mbili tu. Alifariki tarehe 3 Juni 1998, akiitwa mchawi.

Marehemu alistaafu mwaka 2013. Mwaka 2016 aligundulika kuwa na kisukari, akajichoma insulini mwenyewe, bila kumruhusu mtu mwingine kumfanyia. Mwaka huu figo zilidhoofika, akalazwa hospitali ya Kitete. Aleksi Sindayigaya, ambaye sasa ni fundi viatu mwenye umri wa miaka arobaini, na ambaye baba yake alimweleza yote kabla ya kufa, alikuja kumtazama. Mama alimwomba msamaha kwa mara nyingine.

“Mimi nilikusamehe zamani, mama,” Aleksi alimjibu. “Lakini Bibi Minza siwezi kumsemea.”

Siku hiyo alimwita Esperansi. “Mkiandika wasifu wangu, andikeni sindano. Andikeni na sokoni nisikokwenda.”

“Mama, watu watatucheka kaburini.”

“Wacheke. Mimi nimeogopa kicheko hicho miaka thelathini na saba, mwenzangu akatukanwa kwa ajili yangu.”

Baada ya kifo chake familia ilibishana siku tatu. Tunakiri kwamba baadhi yetu, akiwemo msomaji, tulitaka ukurasa huu uondolewe. Hatimaye Yakobo alimpigia simu Bwana Abbasi, akamwomba radhi na kumwalika. Mzee alijibu, “Nitakuja. Ila jambo hilo lisomwe kwa sauti, kabla hamjamfukia.”

Mama alifariki Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Kwa hiyo, mbele ya Mwenyezi Mungu, ya Padre na ya kijiji kizima, sisi watoto wa Jeska Nibitanga tunasema: Bibi Minza hakumroga mtoto wa mtu. Mguu wa Aleksi uliharibiwa na mkono wa mama yetu, na jina la bibi liliharibiwa na kimya chake, na kimya hicho tulikirithi. Tunaona haya, na tunaomba radhi.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja na mdogo wake Mariana, mwenye jina la mama yao. Bwana Abbasi amesafiri kutoka Usinge na yupo pamoja nasi, ameketi mstari wa mbele, mahali pa ndugu wa marehemu. Hatumdai neno lolote.

Ee Bwana, mpokee Bibi Minza kwanza, kisha mama yetu, na uwajalie wote wawili amani.