Profesa Nzioki Muthoka, Aliyekula kwa Mkono Mmoja

Tumekutana hapa Murera, karibu na Ruiru, leo Jumamosi tarehe 14 Novemba 1998, kumsindikiza Profesa Nzioki Muthoka. Wasifu huu unasomwa kama mama yake, Mama Mukonyo, alivyoagiza: kinachonong'onwa kisemwe mchana. Wengine wenu mmekuja kulia. Wengine mmekuja kuangalia nani analia vipi. Nyote karibuni.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1946 huko Ngoliba, mtoto wa pili wa mzee Muthoka, mkata mkonge, na Mama Mukonyo. Kaka yake ni Gerishon, ambaye mnamwona ameketi pale mbele. Tangu utotoni Nzioki hakuwa mtu wa kuambiwa akaamini. Akisikia mtungi umejaa, alikwenda kutia mkono. Siku moja alitumwa kuhakikisha mbuzi wote wamerudi, akamuuliza mama yake aliyewahesabu asubuhi ni nani, na kama mtu huyo anaaminika.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Ngoliba, akaingia sekondari mjini Thika mwaka wa 1961, kisha chuo kikuu Nairobi mwaka wa 1967 kusomea hesabu. Mwaka wa 1972 alipata ufadhili wa kwenda Uingereza, na akarudi mwaka wa 1977 na shahada ya uzamifu ya sayansi ya kompyuta. Nyumbani wengi walidhani kompyuta ni taipureta yenye maringo. Alipochinjiwa mbuzi, mzee mmoja alimuuliza udaktari wake unatibu nini. Alijibu kwamba hautibu kitu, ila unatafuta makosa.

Alianza kazi katika kampuni ya bima Nairobi, ambako kompyuta moja ilijaza chumba kizima na kulishwa kadi zilizotobolewa matundu. Mwaka wa 1984 aliingia kufundisha chuo kikuu, akawa mkuu wa idara mwaka wa 1993 na profesa mwaka wa 1995. Ufundishaji wake mnaujua mliopita mikononi mwake. Programu uliyoandika alimpa mwenzako, na mwenzako alipata alama kwa makosa aliyoyagundua ndani yake. Marafiki walinuniana muhula mzima. Miaka hii miwili ya mwisho alizunguka vyama vya ushirika vya Thika na Ruiru akionya kwamba mwaka wa 2000 ukiingia, mashine zinazoandika mwaka kwa tarakimu mbili zitadhani tumerudi 1900. Walimsikiliza kwa adabu na kumletea chai. Hakuinywa.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na Ndunge, mwalimu wa shule ya msingi, wakajenga Ruiru, mtaa wa Kihunguro, na wakajaliwa watoto wawili, Kaveke na Ayub. Na hapa ndipo habari ya chai inapoingia.

Alipopewa uprofesa, wenzake walimfanyia karamu Thika. Usiku ule tumbo lilimkata, na likaendelea kumkata siku kadhaa. Daktari alisema ni amiba. Nzioki alisema daktari hajui watu waliokitaka kile kiti. Tangu siku hiyo hakula wala kunywa kitu ambacho mkewe hakukiandaa. Alitembea na chupa yake ya chai na kibakuli chake cha chakula, mikutanoni, kanisani, hata matangani. Irshad, mwanafunzi wake wa zamani, alipooa mjini Thika, Profesa aliketi mbele ya sinia la biriani akafungua muthokoi wa Ndunge, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe. Zainab, mama yake Irshad, alimtazama, akacheka, akamwambia basi angalau anuse. Alinusa, akasifu sana, akafunga mdomo.

Mwanzoni Ndunge alijivunia. Mwanamume msomi kiasi kile, asiyeamini hata saa ya ukutani, alimwamini yeye! Kisha akachoka, maana hakuweza kuugua wala kusafiri bila mume kushinda njaa. Mwishowe aliogopa. Wake za majirani walianza kusema, nusu utani, kwamba Profesa akifa hatutatafuta mbali. Alimsihi mumewe ale kwa dada yake, shemeji wa Nzioki, walau Jumapili. Nzioki alisema aliyeaminika hana haja ya msaidizi. Alidhani anamsifu.

Presha aliambiwa anayo tangu mwaka wa 1991, na dawa alizishuku kama alivyoshuku chai: leo anameza, kesho anaziacha. Mwaka huu mwezi wa Julai miguu ilianza kuvimba, kisha akaanza kutapika, kisha ngozi ikawasha na kugeuka rangi. Daktari alituita sisi wa familia akaeleza kwamba presha ya miaka mingi imeua figo. Gerishon aliitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Alipotoka nje alisema madaktari nao ni watu, wanaweza kuongeleshwa. Marehemu alituacha katika hospitali moja ya Thika, Alhamisi tarehe 5 Novemba, saa kumi na moja alfajiri, Ndunge akiwa amemshika mkono.

Jioni ya kwanza ya maombi Kihunguro, Gerishon alisimama mbele ya watu.

"Hebu tuulizane kama familia," alisema. "Huyu ndugu yangu alikuwa anakula kwa nani?"

Mtu mmoja huko nyuma alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kuanzia hapo chai ya nyumba ile ilipoa vikombeni. Ndunge aliona. Aliona hata dada wa kanisa wakibeba maji yao mikobani. Katika rasimu ya wasifu huu, jina lake liliandikwa chini kabisa, baada ya binamu. Ilimuuma kuliko kifo chenyewe. Akilia anaigiza, asipolia ni yeye.

Jumatano Mama Mukonyo aliletwa kutoka Ngoliba. Ana miaka zaidi ya themanini. Aliambiwa yote, kisha akamgeukia Ndunge, akamwita binti kwa Kikamba.

"Mwiitu, washa jiko. Nina njaa."

Majirani walimkumbusha kwamba mjane hagusi sufuria mpaka mumewe azikwe, na chakula kipo, wao wamepika.

"Mtoto yangu alikula kwa huyu miaka yote," alisema. "Sasa mimi nikule kwa nani?"

Ndunge alipika muthokoi, akatia chumvi mara mbili. Mama alikula sahani yote mbele yetu, polepole, macho yakiwa kwa Gerishon. Alipomaliza alisema umezidi chumvi, akaomba mwingine. Gerishon alitoka nje.

Profesa Nzioki Muthoka ameacha mke, Ndunge, ambaye jina lake ni la kwanza hapa kwa amri ya Mama; watoto Kaveke na Ayub; mama yake, Mukonyo; kaka yake, Gerishon; na wanafunzi wengi wanaotafutana makosa hadi leo. Mungu amlaze mahali ambapo hatahitaji kumshuku mtu.

Tukishamfukia, tutakula. Majirani wamepika wali na nyama, ila ile sufuria kubwa ya muthokoi iliyo karibu na mlango, Ndunge ameipika peke yake asubuhi ya leo. Mama Mukonyo atapakuliwa kwanza. Sahani ya pili ni ya Gerishon.