Betri za Loisi kwenye Kipimo cha Presha

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka fundi Sostenes Chidosa wa Haneti, na habari yenyewe hata kuisoma inaniwia vigumu.

Miaka ishirini fundi Sostenes alitengeneza redio na tochi pale sokoni. Kila aliyetaka betri za kuchaji alipewa somo lilelile. "Hii iliyoandikwa 2800 inabeba chaji nyingi, lakini ukiiacha tu inajimaliza yenyewe. Hii ya 2000 inabeba kidogo, ila inatunza. Kitu cha kila siku, weka kubwa. Cha kukaa kabatini, weka ndogo." Watu walimtania, eti fundi gani huyu anakataa kuuza namba kubwa. Yeye anacheka tu.

Sasa sikilizeni. Mwaka jana bintiye Loisi, anayeishi mjini, Nkuhungu, alimletea kipimo cha presha pamoja na betri nne za kuchaji. Zilikuwa zile za 2800. Loisi alitaka baba apate kilicho bora. Mzee akapima wiki mbili, presha ikatulia, kipimo kikaingia kabatini. Kikakaa humo miezi saba.

Jumanne iliyopita, saa mbili asubuhi, mzee aliamka kichwa kinamgonga. Mkewe, mama Anastazia, akaleta kipimo. Hakikuwaka. Betri zilikuwa zimekwisha.

"Twende zahanati," mama akasema.

Fundi akagoma. "Siendi kubahatisha. Tuchaji kwanza, tupime, tujue tunakwenda kusema nini."

Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Hakufungua redio ya mtu kabla ya kupima. Betri zikachomekwa kwenye umeme wa sola, naye akakaa pembeni kusubiri. Saa tano akaanguka palepale, akakata roho. Taa ya chaja ilikuwa bado nyekundu. Saa tatu nzima, jamani, na zahanati ni mwendo wa dakika kumi.

Loisi alifika mchana. Kwenye rafu ya baba akakuta betri za 2000, mpya, hazijafunguliwa. Akamuuliza mama mbona baba hakuziweka hizi.

"Nilimwambia, hata leo asubuhi," mama akajibu. "Akasema, 'Mwanangu kaniletea hizi kutoka mjini. Akija akakuta nimezitoa, atajisikiaje?'"

Loisi akakaa chini sakafuni, betri mkononi.

Pole sana mama Anastazia. Pole Loisi. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kichwa kikigonga namna ile, nendeni zahanati, kipimo kiwake kisiwake. Loisi ametuomba tuongeze neno moja kwa wazazi wote: mtoto akikuletea kitu kisichofaa, mwambie. Yeye asingekasirika.