Shangazi Aliyezipa Sauti Kompyuta Zetu

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, fundi mkuu wa shule yetu ya wasioona anastaafu rasmi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Alipoajiriwa, bweni la wasichana lilikuwa bado halijaezekwa. Leo lina ghorofa mbili, na hakuna soketi ya ukutani ambayo haijapita mikononi mwake. Wahariri wa jarida letu wamenipa mimi, mwalimu wa hesabu, kazi ya kumwandikia wasifu kwa sababu, kwa maneno yao, hakuna mtu shuleni aliyemsumbua kuliko mimi. Sina la kupinga.

Kwenye mafaili ya ofisi ana jina na cheo. Kwetu ni Shangazi. Jina hilo lilianzishwa na mwanafunzi mmoja, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akimwita hivyo kwa sauti katikati ya korido. Wenzake wakadakia, walimu wakafuata, na siku mwalimu mkuu mwenyewe alipoteleza kikaoni akasema "hilo tumwulize Shangazi", basi ikawa imepita. Mtoto yule alishamaliza shule, akaolewa, na sasa ana wanawe. Jina limebaki na sisi.

Aliingia hapa kama fundi wa mashine za nukta nundu, zile nzito za chuma zenye vitufe sita vya kuandikia. Karakana yake ni kile chumba kilichobanwa kati ya stoo ya magodoro na jiko. Sisi tusioona hukitambua kwa pua kabla mkono haujagusa mlango: mafuta ya cherehani, risasi ya kuchomelea, na chai. Mgeni haruhusiwi kuingia na kikombe. Yeye mwenyewe hunywa chai juu ya mashine iliyopasuliwa tumbo, na akiulizwa hujibu kwamba chai yake inajua njia.

Ana mdomo, hilo tusifiche. Huzigombeza mashine kama watoto wa kuzaa. "Amka wewe, nani anakulipa kulala?" Ukipita nje ya karakana unaweza kudhani kuna mtu anafukuzwa kazi. Na si kila alichokitengeneza kilitii. Kuna mwaka alitufungia kengele ya umeme inayojilia yenyewe, ikajilia katikati ya hotuba ya mgeni rasmi. Wanafunzi wote wakanyanyuka kwenda kula. Mgeni aliendelea kuhutubia walimu tisa na viti vitupu, na Shangazi, alipoombwa maelezo, alisema kengele ilikuwa sahihi, hotuba ndiyo iliyochelewa.

Lakini kama ningeruhusiwa kusimulia jambo moja tu katika utumishi wake, ningesimulia la kompyuta mpakato.

Mwaka ule mamlaka ya mitihani ilikubali, kwa mara ya kwanza, watahiniwa wasioona waandike majibu yao kwa kompyuta. Zamani mtahiniwa alimtamkia mwandishi aliyeketi pembeni yake, mwandishi akaandika. Mwandishi akikosea tahajia, kosa ni lako. Akichoka, umechoka wewe. Mimi nilifanya mitihani yangu yote namna hiyo, na mpaka leo sijui ni kipi hasa kilichoandikwa. Sasa mlango ulikuwa umefunguka, ila kwa sharti: mkaguzi angekuja kwanza kuhakikisha kwamba kompyuta zinafanya kazi na kwamba mwanafunzi anaimudu yake bila kushikwa mkono.

Wafadhili wakatuletea masanduku ya kompyuta mpya, nyembamba na nyepesi. Zilikuja tupu, bila mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiamsha kompyuta na kuziendesha sehemu zake zote. Mifumo ya kulipia ilidai leseni ambazo shule haikuwa nazo, na leseni nyingine tena ya kisoma skrini, programu inayotusomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo. Shangazi akatangaza kwamba tutatumia mfumo huria, mmoja wa ile mifumo ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua na kuirekebisha, na kisoma skrini kimo ndani yake bure. Tukapiga makofi.

Tulipiga mapema. Kila kifaa ndani ya kompyuta kinahitaji kiendeshi, kiprogramu kinachoufundisha mfumo namna ya kukitumia kifaa hicho. Kifaa cha sauti cha kompyuta zetu kilikuwa kigeni kwa karibu kila mfumo huria uliokuwapo. Kwa mtu anayeona, kompyuta bubu ni usumbufu mdogo. Kwetu ni ubao wa kukatia mboga.

Shangazi hakukata tamaa. Mifumo huria ni mingi, na alianza kuijaribu mmoja mmoja kutoka kwenye flashi, bila kuuweka ndani ya kompyuta, huku mimi nikiwa nimekaa kando yake kama masikio ya ziada. Tuliipa majina. Wa kwanza tulimwita Bwana Harusi, kwa sababu kila mwenye macho aliyeingia karakana alimsifia uzuri. Karani wa ofisi alirudi mara tatu kutazama rangi zake. Sauti? Kimya. Wa pili tulimwita Mzee. Alikuwa imara, hababaiki, ni mfumo unaokaa miaka bila kuleta vurugu. Tatizo ni kwamba kiini chake, ile sehemu ya ndani kabisa inayobeba viendeshi, kilitengenezwa kabla kompyuta zetu hazijazaliwa, hivyo hakuwa na habari nazo. Wa tatu alikuwa Kiherehere, mfumo unaobadilishwa kila mara, wenye kila kitu kipya kilichotoka juzi. Flashi yake ilipoingia, nikasikia mkwaruzo, halafu sauti kavu kama ya mtu mwenye mafua ikasema: "Karibu."

Nilipiga ukelele. Mpishi akaja mbio na mwiko.

Shangazi akamchagua Kiherehere. Akamweka kwenye kompyuta zote, na kwa wiki kadhaa maabara ilinguruma kama soko. Dada Mkuu wetu, msichana wa kidato cha mwisho mwenye vidole vyepesi na maneno mengi, alikuwa tayari anaandika insha ndefu kuliko tulivyotaka kuzisoma.

Halafu Jumatatu moja asubuhi niliingia maabara nikakutana na kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye chumba kilichojaa wanafunzi. Kimya.

"Mwalimu, yangu imekufa," alisema Dada Mkuu.

"Na yangu."

"Na yangu pia."

Mwisho wa wiki kompyuta zilikuwa zimejisasisha zenyewe, kama ilivyo tabia ya Kiherehere, na toleo jipya lilikuwa limekivuruga kiendeshi cha sauti. Ziara ya mkaguzi ilikuwa imeshapangwa na ilikuwa karibu.

Kikao cha walimu siku hiyo kilikuwa kizito. Mwalimu mkuu alisema kwa upole, jambo lililotuuma zaidi, kwamba pengine ni heri kompyuta zirudishwe kwa waliozitoa, na watoto waandikiwe kama zamani. Nikasikia kiti cha Shangazi kikikwaruza sakafu.

"Aliyechagua ni mimi, na nilichagua vibaya," alisema. "Nilitafuta kitakachosema leo, sikujiuliza kama kitasema na kesho. Nipeni muda mpaka mkaguzi aje. Nikishindwa, nitazifunga mimi mwenyewe kwenye masanduku yake."

Sauti yake haikuwa na utani hata chembe. Hatukuwa tumeizoea hivyo.

"Shangazi," alijibu mwalimu mkuu, "miaka yote hii hujawahi kuniomba kitu. Endelea."

Hapo ndipo nilipojifunza maana ya neno huria. Shangazi aliwaandikia watu wanaokitunza kile kiendeshi cha sauti, watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, akaeleza kila kitu: kifaa gani, kilisema lini, kilinyamaza baada ya badiliko lipi. Akajibiwa na mtaalamu mmoja wa mbali, mtu ambaye hakuwa akitufahamu hata kidogo. Alikiri kwamba yeye hana kompyuta ya aina ile, na kwamba bila mtu wa kumjaribia hataweza kitu. Akamwomba Shangazi awe mikono yake.

Basi yeye akawa anatuma kiini cha majaribio, Shangazi anakiweka, mimi nasikiliza, kisha majibu yanarudishwa. Jaribio la kwanza halikutoa kitu. La pili lilitoa mluzi kama wa birika linalochemka. Lililofuata lilileta maneno, ila ya kuburuta, kama mlevi anayesoma taarifa ya habari, tena upande wa kushoto tu. Nilimweleza Shangazi nilichosikia, naye akamweleza yule mtaalamu neno kwa neno, mlevi na yote. Nadhani alifurahi, maana jaribio lililofuata lilikuja haraka. Shangazi aliiwasha kompyuta akaisogeza mbele yangu.

"Haya, inasemaje?"

Niliinamisha kichwa. Sauti ilikuwa safi, pande zote mbili.

"Inasema betri inakaribia kwisha."

Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Kisha kicheko kikabadilika kidogo, akajipangusa, akaniambia niondoke kwa sababu nina maneno mengi na yeye ana kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua upya, na safari hii alichagua kwa utulivu. Alimrudia Mzee, ule mfumo usiobabaika, akampa kile kiini kipya kilichojua kusema, kisha akafunga njia zote za kompyuta kujisasisha zenyewe. Tangu siku hiyo hakuna badiliko linaloingia maabara kabla hajalijaribu kwanza kwenye kompyuta moja ya karakana. Wifi ya ndani iligoma, nayo akaiacha igome. Mtihani hauhitaji wifi, alisema, na mwenye shida ya intaneti atatumia waya. Ninaamini huo ndio uliokuwa uamuzi bora kuliko yote, kujua kipi apiganie na kipi akiache kilale.

Mkaguzi alikuja akiwa na viatu vizito na maneno machache. Alimwambia Dada Mkuu aandike aya moja, akaandika. Akamwambia aizime kompyuta, aiwashe tena peke yake na aitafute ile aya. Tulisimama nje ya mlango tukitega masikio. Kompyuta ikasema "Karibu", vidole vikacheza, na aya ikaanza kusomwa, kila neno mahali pake.

"Sina swali," alisema mkaguzi.

Siku ya mtihani, wale waandishi wa zamani walifika kwa mazoea, maana hakuna aliyekumbuka kuwaarifu. Walikaa barazani wakinywa chai, mmoja akimwuliza mlinzi sasa wafanye nini. Ndani, vitufe vililia kama mvua juu ya bati. Mtihani ulipokwisha Dada Mkuu alitoka akikimbia, akitangaza kwa yeyote mwenye masikio: "Nimeandika 'zahabu'! Nimekosea mwenyewe! Hakuna aliyenikosesha!" Sijawahi kusikia kosa la tahajia likishangiliwa vile. Alifaulu vizuri, na kosa lake pamoja.

Rekebisho lile halikuishia kwetu. Mtaalamu yule aliliwasilisha, likapokewa rasmi ndani ya kiini kinachotumiwa na mifumo huria ulimwenguni, na chini yake pameandikwa jina kamili la Shangazi kama aliyeripoti tatizo na aliyejaribu suluhisho. Mwaka uliofuata fundi wa chuo kimoja cha mbali, mwenye kompyuta kama zetu, alituma salamu za shukrani. Kwake sauti ilitoka siku ya kwanza tu alipoiwasha. Tulimsomea Shangazi salamu zile kwenye paredi ya asubuhi. Alisema anahitajika jikoni, akaondoka. Jikoni hakukuwa na kilichoharibika.

Mengine aliyoyafanya wengi wanayajua: maabara ya pili, darasa la jioni la walimu waliokuwa wakiogopa kipanya, na mashine za kale za nukta nundu ambazo bado zinagonga kwa sababu alikataa kuzitupa. Karakana anaikabidhi kwa fundi kijana asiyeona, aliyesoma hapa hapa, ambaye Shangazi amemfundisha kuchomelea kwa kuhisi joto na kusikiliza risasi inavyoyeyuka. Wakati wa mafunzo waligombana kila siku, na hiyo kwetu ni dalili njema.

Tunamshukuru mume wake, fundi seremala, aliyevumilia chakula cha jioni kupoa miaka yote hii na bado akatutengenezea meza za maabara. Tunawashukuru wanawe watatu, waliokubali kugawana mama na watoto wengi kiasi hiki. Wametuambia kwamba simu na redio zote za ukoo zimekusanywa na zinamsubiri, kwa hiyo wanaodhani anakwenda kupumzika wajue hivyo.

Shangazi, wapo watu katika nchi ambazo hutazifikia ambao leo wamewasha kompyuta zao zikasema, na hawajui kwamba ni kwa sababu yako. Sisi tunajua, na tutaendelea kujivunia kwamba ulikuwa wetu. Asante kwa kila kitu. Ukae na afya, ulale mpaka jua likuchoke, watu wako wakuzunguke, na maisha yanayoanza Jumamosi yawe mema kwako kama ulivyoyafanya yetu.